Siku Watu Walipojaa kwa Ziyuar

Miongoni mwa Wakarakalpaki, mtu akifiwa na mzazi hali yuko mbali, haambiwi kwa simu. Kumwambia mtu kwa simu kwamba mama yake hayupo tena ni ushenzi, na anayefanya hivyo atasemwa mpaka wajukuu zake nao wasemwe. Inavyotakiwa ni watu wa kwao walioko mji huo wakusanyike, waende kwake pamoja, wavue viatu mlangoni, wakae. Mwenyeji atachemsha chai. Mkubwa wao ataanza kuzunguka: atataja safari, atataja maji ya mfereji yanavyopungua mwaka hadi mwaka, atataja wazee waliotangulia, taratibu, mpaka mwenye msiba ajue mwenyewe. Lile neno lenyewe halitamkwi. Machozi yakianza, wanajua kazi imekwisha, wanalia naye.

Mjini Aktau, upande wa Kazakhstan, ambako wengi wao huenda kutafuta vibarua, kazi hiyo ya kuzunguka ilimwangukia Ziyuar. Hakuiomba. Alikuwa fundi wa lipu, mjane wa miaka hamsini na kitu, mikono mikavu kwa saruji, sauti ya chini isiyo na haraka. Siku moja, miaka mingi nyuma, mzee aliyetakiwa kumpasulia habari kijana mmoja wa Takhtakupir alishikwa na kikohozi kwa woga, Ziyuar akamalizia. Alimalizia vizuri mno. Tangu hapo kila kifo kilichotokea kwao, Shimbay, Nukus au Kungrad, kikawa kinapitia kwake kabla hakijamfikia mwenyewe.

Matokeo yake watu wakawa wanamwogopa. Ziyuar akibisha hodi kwa mtu bila taarifa, mwenye chumba anashika kifua. Akajifunza kupaza sauti tangu ngazini: "Ni mimi, nimekuja kuazima chekeche la mchanga tu! Hakuna kitu!" Hata hivyo wako waliokataa kufungua mpaka wapige simu nyumbani kwanza na kuwaulizia ndugu zao mmoja mmoja. Ni mambo ya kuchekesha, ila yeye hayakumchekesha sana.

Sasa nieleze jinsi alivyonaswa Aktau, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Baina ya Kazakhstan na nchi ya Wakarakalpaki hakuna viza. Mtu wa Shimbay anafika mpakani na pasipoti yake, anagongewa mhuri, anapewa siku tisini, basi. Zikikaribia kwisha, wakati ule, ulikuwa unampigia simu Genjebay, dereva mwenye mdomo mwingi na meno machache, anakupakia na wenzako mpaka mpakani Tajen. Mnavuka kurudi upande wenu, mnakunywa chai ya maziwa kwenye kibanda, mnageuka, mnavuka tena. Mhuri mpya, siku tisini mpya. Mafundi waliita safari hiyo "kunywa chai". Msimamizi akiuliza kwa nini mtu hayuko kazini, anajibiwa, "Kaenda kunywa chai," naye haulizi zaidi. Ziyuar alikunywa chai hiyo kwa miaka saba, akamjua mpaka paka wa kibandani.

Kisha sheria ikageuka. Siku zikabaki tisini, lakini sasa ndani ya kila siku mia na themanini. Maana yake ukishamaliza tisini zako, unakwenda kwenu unakaa tisini nyingine, hata unywe chai birika zima. Tangazo lilitoka, likabandikwa, likasomwa. Nani aliliamini? Genjebay alilicheka hadharani.

"Tangu lini mpaka ukafanya hesabu?" aliwaambia. "Mpaka unagonga mhuri. Nyie pandeni gari."

Wanawake watatu wa kundi la Ziyuar walipanda. Yeye alibaki kwa sababu kulikuwa na kuta za ghorofa ya tano zilizotakiwa kukauka kabla ya baridi kuingia. Jioni simu ikalia, na mwenzake alikuwa akipiga kelele juu ya upepo: "Wametukataa! Wametuambia siku hatuna, turudi kwetu! Ziyuar, sufuria zangu! Koti langu la baridi!" Walikuwa wamekaa juu ya mikoba yao kwenye lami katikati ya mageti mawili, huku hawatakiwi na kule hawajaingia. Ziyuar ndiye aliyewafungia vyombo vyao, masufuria, mablanketi, picha za watoto, akavituma. Na alipokuwa anafunga sufuria za wenzake kwa kamba, akaamua kwamba yeye hatatoka. Asiyetoka hawezi kukataliwa kuingia. Hesabu hiyo aliiona ya busara sana kwa muda wa kama wiki moja.

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Alipokwenda kuulizia kibali cha kazi, ofisini walimwambia kwa upole kwamba maombi hupelekwa kabla siku za mtu hazijaisha. Zake zilikuwa zimeisha. Na aliyepitiliza muda kiasi hicho, akitokeza mpakani, anapelekwa mahakamani, anatolewa, na anafungiwa mlango kwa miaka mitano. Kila mwezi aliokaa uliongeza woga wa mwezi uliofuata. Mwaka ukawa miwili, miwili ikawa minne.

Mwanamke huyu mkubwa, mama wa Sarbinaz, binti anayesomea uuguzi Nukus kwa ada anayolipa yeye, akawa anaishi kama mwizi bila kuiba kitu. Hakwenda sokoni siku za misako. Jino lilipomuuma alitafuna karafuu mpaka likachoka lenyewe. Bahari ilikuwa mtaa wa pili tu, akawa haendi, kwa sababu askari wa doria nao wanapenda kutembea ufukweni. Alitoka chumbani akaingia jengoni, akatoka jengoni akaingia chumbani, na watu wakamsifu kwamba ana bidii. Bidii gani? Hakuwa na pengine pa kwenda.

Lililokuwa linamkata maini lilikuwa moja tu: mama yake.

Bibi Kalligul alikuwa amevuka themanini, mwembamba, ulimi umemnoleka kwa umri. Kila Ijumaa mwanawe Orynbay, mdogo wake Ziyuar, alimwekea simu mbele, wakaonana na bintiye kwenye kioo.

"Unakuja lini?"

"Nikimaliza jengo hili, mama."

"Jengo gani hilo lisilokwisha? Mnajenga ngazi ya kwenda kwa Mungu?"

"Mama, nikitoka nafungiwa miaka mitano. Sarbinaz ataacha masomo. Nimeshakueleza."

"Miaka mitano!" Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Wewe umepewa miaka mitano. Mimi hata mwezi sijaahidiwa."

Moyo wake ulikuwa unachoka, miguu ikavimba, akawa halali ila kwa kukaa. Ziyuar alituma dawa kwa mkono wa Genjebay. Akatuma soksi za sufu ya ngamia. Akatuma mashine ya kupimia presha, ambayo bibi aliikataa, akisema inambana mkono kama marehemu mumewe. Alichotaka Ziyuar kilikuwa rahisi kukisema na kigumu kukipata: amkute mama yake hai, na mlango wa Aktau usifungwe nyuma yake. Kila mwaka ilivumishwa kwamba waliopitiliza watasamehewa, watoke na kurudi bila adhabu. Kila mwaka akaambiwa subiri kidogo. Akasubiri.

Kisha Ijumaa moja Orynbay akashika simu peke yake. "Mama amelala."

Ijumaa iliyofuata: "Amelala tena. Dawa zinamlaza."

Ziyuar alikuwa ameyasikia maneno hayo mara ngapi! Aliyasikia kwa ndugu za watu wengine, wakati yeye ndiye anapanga nani aende, nani abebe mkate. Amelala. Simu imeharibika. Yuko kwa jirani. Ndiyo maneno ya kumshikia mtu mpaka wenzake wajikusanye. Aliyajua, akajitia hamnazo. Alipiga lipu siku hizo kwa kasi ambayo hata vijana walilalamika.

Jumapili mchana akasikia viatu ngazini, vingi. Alifungua mlango kabla hawajabisha.

Mbele alikuwa Perdebay, msimamizi wao, mtu wa kelele na matusi madogomadogo, ambaye leo alikuwa kimya na amevaa kofia ya heshima. Perdebay hakuwahi kuonekana na kofia ile. Nyuma yake walifuata wanawake watatu wa kundi la rangi, mafundi wa vigae wawili, muuza samsa za nyama wa sokoni, na mwisho Genjebay, ambaye hata yeye alikuwa amefunga mdomo. Watu wanane. Mmoja alibeba mkate na sukari. Wakavua viatu, wakaingia, wakakaa kuzunguka ukuta, wakaangalia zulia.

Ziyuar akaweka birika jikoni. Aliwamiminia chai wote, akaketi.

"Hali ya hewa imeanza kuharibika," alisema Perdebay.

"Imeharibika," alisema Ziyuar.

"Nyumbani wanasema mfereji umepungua sana mwaka huu."

"Umepungua."

"Ndiyo. Mambo ya dunia." Perdebay akaisukuma kofia nyuma. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia. "Unajua, dada, mtu unakaa ugenini, unafikiri muda upo. Orynbay alinipigia jana. Akaniambia, kusanya watu, nendeni mkakae na dada yangu. Akasema—"

"Basi, Perdebay."

"Acha nimalize, dada, alisema mama—"

"Nimesema basi! Hujui kuzunguka, unagonga kila kona. Mimi nimewafanyia hivi watu wangapi? Nisijue?" Na hapo akaangua kilio. "Mama yangu wee! Mama yangu!"

Wakalia wote. Perdebay alilia kwa sauti kuliko wanawake, kwa uchungu na kwa kupumua, maana mzigo ulikuwa umemtoka bila yeye kuubeba mpaka mwisho. Ziyuar aliuliza kama wameshazika. Perdebay akasema Orynbay hakueleza, na akainamisha kichwa. Kuinamisha kichwa ni jibu tosha. Akampigia Orynbay mwenyewe, akalia kwenye simu bila maneno, na Orynbay kwa sauti iliyobanwa akasema tu, "Njoo, dada. Njoo nyumbani," akakata.

Chai ya pili ilipomiminwa, akawaambia anaondoka kesho asubuhi.

"Subiri kidogo," alisema Perdebay akifuta uso kwa kofia. "Tufikirie kama watu wazima. Ameshatangulia, Mungu amrehemu. Ukienda utakuta kaburi. Kaburi halihami. Ukitoka leo, miaka mitano hukanyagi hapa. Na Sarbinaz? Tufanye arobaini hapahapa, tuchinje, tusome, wote tutakuja."

"Miaka minne nafikiria kama mtu mzima," alisema Ziyuar. "Umeona nilichopata?"

"Mimi nasema kwa faida yako."

"Najua. Wote mnasema kwa faida yangu. Mimi mwenyewe nilijiambia kwa faida yangu. Genjebay, una nafasi kesho?"

Genjebay alisema nafasi ipo, na kwamba nauli ya msiba huwa hachukui. Watu walimtazama, kwa sababu haikuwa kweli hata kidogo, lakini siku ile aliamua iwe kweli.

Mpakani Tajen hakuna aliyemfokea, na hilo nalisema kwa haki. Askari aliyefungua pasipoti yake alikuwa kijana, umri wa binti yake. Akatazama mhuri, akatazama kalenda ukutani, akatazama mhuri tena.

"Mama, hii ni ya miaka minne iliyopita."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulikuwa wapi wakati wote?"

"Kwenye kuta zenu. Nenda ghorofa yoyote mpya ya Aktau, pitisha mkono ukutani. Palipo laini ni mimi."

Kijana akatabasamu, kisha akakumbuka kazi. "Sababu ya kutoka sasa?"

"Msiba. Mama yangu."

Alisimama kumpa pole, kwa maneno kamili, kama alivyofundishwa kwao. Halafu akamwita mkubwa wake, maana pole ni pole na sheria ni sheria. Wakamrudisha mpaka mji wa wilaya, akalala kwenye chumba cha kungojea mahakama pamoja na mwanamke mmoja mpishi aliyenaswa kwa kosa lilelile na ambaye alimpa nusu ya mkate wake. Hakimu alikuwa mwanamama mwenye miwani, amechoka, ana mafaili mpaka kidevuni.

"Ulijua siku zako zimekwisha?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukutoka?"

"Niliogopa kukataliwa kurudi."

"Na sasa huogopi?"

"Sasa, mheshimiwa, nilichokuwa nakiogopa nimekipata kutoka upande mwingine."

Hakimu akavua miwani, akaifuta. Kisha akasoma: faini, kuondolewa nchini, marufuku ya kuingia miaka mitano. Akauliza kama ameelewa. Ziyuar akasema ameelewa, na moyoni akashangaa kwamba maneno aliyoyakimbia miaka minne yalikuwa yamesomwa kwa muda mfupi kuliko wa kunywa piyala moja ya chai. Hakuna paa lililoanguka. Alitoka nje, Genjebay alikuwa amemngoja garini akila mbegu za alizeti, wakaenda.

Njia yote ya nyanda za Ustyurt alitunga maombolezo. Mwanamke wa Kikarakalpaki haingii kwenye nyumba ya msiba kimya. Anaanza kuomboleza tangu njiani, kwa maneno yake mwenyewe yaliyopangwa, na majirani watayapima maneno hayo na kuyakumbuka miaka. Ziyuar alitaka mama yake apate yaliyo mazuri, kwa kuwa alikuwa amemnyima mengine. Alipanga ubeti, akaufuta, akapanga mwingine. Alilia, akanyamaza, akalia. Alijichukia, nalisema waziwazi. Alichukia kila ukuta aliowahi kuulainisha.

Kwenye kona ya mtaa wao Shimbay akamwambia Genjebay asimamishe. Akashuka, akafunga kitambaa kichwani, akaanza.

"Mama uliyenibeba mgongoni wakati wa chumvi na vumbi,
Mama uliyekula ukoko ukanipa mimi mnofu,
Nimekuja na miguu yangu, umeondoka na macho yako,
Mlango nimeukuta, mama, aliyekuwa akifungua sijamkuta!"

Sauti ilipaa juu ya nyua zote. Mbwa wakaamka. Jirani yao Bibisara akatoka mbio, mikono imejaa unga, kinywa wazi.

"Ziyuar? Umetoka wapi? Nani kafa?"

Ziyuar hakumsikia. Aliingia getini. Hakuona kwamba hakuna wanaume waliosimama nje na fimbo, hakuna viatu vilivyorundikwa, hakuna sufuria kubwa ya msiba. Aliona mlango tu. Akapita huku amefumba macho nusu, akaanguka magoti kwenye chumba cha mbele, akatoa ubeti wa tatu, ule aliouona bora, wa mama aliyekuwa na maneno makali na mikono laini.

"Hapo pazuri," ilisema sauti. "Rudia hapo."

Bibi Kalligul alikuwa amekaa karibu na jiko, ameegemezwa mito mitatu, shali mabegani. Uso ulikuwa umekwisha, umebaki macho na pua. Mkononi ameshika piyala.

"Endelea, nisikie mwisho wake," alisema. "Umemsifu mpaka natamani ningemjua mwanamke huyo."

Ziyuar alikaa chini pale alipokuwa amepiga magoti. Orynbay alikuwa amejibanza nyuma ya mlango wa jikoni, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, kama aliyevunja kioo cha watu.

"Wewe!" alisema Ziyuar hatimaye. "Orynbay! Umemzika mama yako akiwa hai!"

"Sikusema kafa!" alipiga kelele Orynbay. "Naapa, dada, sikusema! Mama aliniambia nimwambie Perdebay: kusanya watu, nendeni mkakae na Ziyuar, mwambieni mama anamtaka nyumbani. Maneno hayohayo, naye akayasikia kama ulivyoyasikia wewe. Muulize Perdebay!"

Perdebay alikuwa amejaribu kumaliza sentensi. Ziyuar alikumbuka sasa. Alisema mama, na yeye Ziyuar, bingwa wa habari za watu, alimkata.

"Na nilipokupigia nalia? Ulishindwa kusema?"

"Mama alikuwa amenifinya hapa." Orynbay akaonyesha mkono. "Bado pana alama."

"Kwa hiyo hukudanganya, mama," alisema Ziyuar, na hasira zikampanda mpaka masikioni. "Hukudanganya hata neno moja! Ulikataa simu Ijumaa mbili, ukatuma watu wanane na mkate, ukaacha nijimalize mwenyewe. Unajua ulichofanya? Nimefungiwa! Miaka mitano! Nimesimamishwa mbele ya hakimu! Sarbinaz nimwambie nini? Tutakula nini? Ungesema tu unaumwa!"

"Ningesema naumwa," alisema bibi taratibu, "ungekuja?"

Bibi akamwinulia kidole, akaendelea.

"Niliumwa mwaka juzi, ukaleta dawa. Nikaumwa mwaka jana, ukaleta soksi. Nikaumwa tena, ukaleta lile dude la kubana mkono. Nimekaa hapa nikawaza: hawa watoto wa siku hizi wanavuka mpaka kwa jambo gani? Wa kina Bibisara alikuja kwa lipi? Kwa maziko. Yule wa mtaa wa pili? Maziko. Wanakuja wote, wanalia vizuri sana, na aliyewataka hayupo kuwaona. Basi nikasema mimi nitakuwepo." Akanywa chai. "Nikasirikie. Unayo haki. Lakini kaa karibu kwanza, macho yangu hayafiki huko mlangoni."

Ziyuar alikasirika siku tatu. Alipika kwa hasira, akafua kwa hasira, akamgombeza Orynbay kwa kila kilichoanguka. Ila siku hizo tatu alilala chini, kando ya kitanda cha mama yake, mkono wake juu ya ukingo, na bibi aliushika, wote wawili wakijifanya hawajui.

Mengine yakaenda yalivyokwenda. Sarbinaz hakuacha masomo, alipata kazi ya nusu siku kwenye duka la dawa na akakonda. Ziyuar akapata kuta za shule moja Shimbay na nyumba za watu, malipo ya kusikitisha. Perdebay alituma sufuria zake na mwiko wake, na salamu kwamba hatavaa tena kofia ile maisha yake. Hakuna aliyesema kwamba miaka mitano ni kitu kidogo. Haikuwa kidogo, na majira ya baridi yale walikunywa chai bila maziwa.

Siku moja, Ziyuar akimwosha mama yake miguu iliyovimba, bibi akasema, "Nimalizie yale maombolezo. Uliishia njiani."

"Mama, uchuro huo."

"Uchuro gani tena, mtaa mzima umeshanililia. Sema."

Ziyuar akasema, kwa sauti ya chini, bila kulia, tangu ubeti wa kwanza, huku maji yakipoa kwenye beseni. Bibi alisikiliza amefumba macho. Alimkatiza mara moja tu.

"Hapo pa ukoko si kweli. Mnofu nilikuwa nakula kwa siri, nyie mkiwa shuleni. Toa hapo."

Akatoa. Wakacheka mpaka Orynbay akaja kuchungulia. Kisha akamalizia beti zote zilizobaki, na nyingine mbili ambazo hakuwa amezitunga njiani, zilikuja zenyewe palepale. Mama yake alimwambia zinafaa.

Bibi Kalligul alifariki theluji ilipokuwa inayeyuka, asubuhi, Ziyuar akimsuka nywele. Watu wakaja wengi, wanaume wakasimama nje na fimbo zao, wanawake wakajaa vyumba vyote. Wakamtazama Ziyuar, wakamngoja. Kila mtu Shimbay alijua jinsi anavyojua maneno. Yeye alikaa kando ya mama yake, machozi yakimtiririka, na hakuomboleza hata ubeti mmoja. Wanawake wakaanza kunong'onezana kwamba binti mkubwa hana hata neno kwa mama yake. Bibisara alimgusa bega. "Sema kitu, ndugu yangu. Watakusema."

"Nilishasema," alijibu Ziyuar. "Aliyasikia."

Akamfunika mama yake uso, akainuka kwenda kuongeza maji kwenye sufuria, maana wageni walikuwa bado wanaingia.